Usiikimbize Siku ya Kwanza

Masomo: Ezekieli 37:1–14, Marko 5:35–43, Matendo ya Mitume 9:19–31



Huko Uingereza wako watu wengi ambao kazi yao ya jioni, wakitoka kwenye kazi ya mshahara, ni kutengeneza pikipiki za zamani zilizokufa. Tuchukue mfano wa BSA M20. Kiwanda cha BSA kilikuwa Small Heath, mjini Birmingham, na wazee wengi wa kwetu walilijua jina hilo kwanza kwenye baiskeli. M20 ni pikipiki ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita 496, si ya mbio bali ya kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Uingereza lilipewa zaidi ya 120,000. Pikipiki hizo za vita sasa zimefika miaka 80, na inayopatikana leo mara nyingi hutoka bandani ikiwa imeshikana kwa kutu, pistoni haisogei juu wala chini.

Fundi huifungua yote. Huchonga silinda, hutia pistoni mpya na ringi mpya, hubadilisha beringi zilizolika, husaga valvu mpaka zikae vizuri, hutengeneza magneto ili itoe cheche. Kazi hiyo yaweza kuchukua majira mawili ya baridi. Kisha hufunga kila kitu mahali pake, na injini husimama mezani ikimetameta, haikosi hata boliti moja. Lakini bado haijalia.

Hapo ndipo Nabii Ezekieli alipofika katika lile bonde. Wengi tunaposimulia habari ya mifupa mikavu tunaruka sehemu moja. Nabii aliagizwa kutabiri, ikasikika sauti, mifupa ikajongea, kila mmoja kwa mwenzake. Ikaja mishipa, ikaja nyama, ngozi ikafunika juu. Na hapo Maandiko yanasimama kidogo na kutuambia kwamba pumzi haikuwamo. Maiti zile zilikuwa kamili, ila zilikuwa maiti. Ilibidi nabii atabiri mara ya pili, aite pumzi kutoka pepo nne. Katika Kiebrania neno moja linabeba maana tatu: pumzi, upepo na roho. Fundi wa pikipiki angelielewa upesi, maana injini nayo ni kitu kinachovuta hewa, na pasipo hewa petroli yote ya ulimwengu haitaiamsha.

Basi Mungu mwenyewe alifanya kazi ile kwa hatua mbili, wala hakuona haya kungoja kati ya ya kwanza na ya pili. Nataka tukae hapo, kwa sababu sisi hatupendi kungoja.

Kwa maana siku ya kuwasha injini iliyofungwa upya ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Yaweza kuharibika katika dakika tano kazi iliyochukua miaka miwili. Majirani wamekuja kutazama, watoto wamepanda juu ya uzio, kila mtu anataka kusikia mlio. Lakini fundi mwenye akili haanzi na kiki. Anaanza na oili. Katika M20 oili haikai chini ya injini tu. Ina tangi lake, na pampu ina kazi mbili, kupeleka oili kwenye krenki na kuirudisha tangini. Injini iliyofungwa jana ina mabomba makavu. Kwa hiyo fundi humwagia oili ndani kwa mkono, huondoa plagi, na kupiga kiki taratibu mara nyingi bila moto, mpaka aone kwamba oili imeanza kutembea.

Ndipo hurudisha plagi. Hubonyeza kitufe cha kabureta hadi petroli ichuruzike. Kwenye usukani kuna kishikio kidogo cha kuwahisha au kuchelewesha cheche. Hukiweka upande wa kuchelewesha, kwa sababu cheche ikiwahi mno, injini hurusha kiki nyuma, na mguu wa mtu waweza kuvunjika. Anapiga. Pengine mara ya kumi, pengine mara ya thelathini, mashine inakohoa, kisha inanguruma, na moshi mwingi unatoka nyuma. Watazamaji hupiga makofi. Lakini mtazameni fundi: yeye hapigi makofi. Amefungua kifuniko cha tangi la oili na anachungulia ndani kwa kurunzi, aone kama oili inarudi. Isiporudi upesi, anazima, hata kama mlio ni mtamu namna gani. Ikirudi, huiacha iungurume kwa muda mfupi, kisha bado anazima. Huiacha ipoe kabisa. Injini hii hupozwa na upepo wa njiani, na ikiwa imesimama haina upepo. Ikipoa, hukaza tena boliti za kichwa cha silinda, maana joto limezilegeza. Kisha huwasha tena.

Sasa fikirini jinsi kanisa linavyompokea mtu aliyerudi. Alikuwa mlevi, au alimwacha mkewe akaenda mjini kuishi na mwingine, au ametoka gerezani. Ametengwa na Meza ya Bwana miaka mingi. Siku moja anatubu. Machozi ni ya kweli, na neema ya Mungu ni ya kweli. Jumapili ya kwanza anasimamishwa mbele atoe ushuhuda. Jumapili ya tatu anapelekwa mtaa wa jirani autoe tena, kwa kuwa ulikuwa mzuri. Kabla ya Kwaresma ni mwenyekiti wa vijana, na mfuko wa ujenzi uko nyumbani kwake. Ikifika Pasaka ameonekana kilabuni. Basi watu husema, "Tulijua, hakuokoka kweli." Mimi sikubaliani na neno hilo. Pistoni iliyoshika siku ya kwanza kwa kukimbizwa haikuwa pistoni mbovu. Ilikuwa mpya, na mwendeshaji aliivuta mafuta yote.

Mtazameni Bwana wetu nyumbani kwa Yairo. Binti wa miaka 12 ameamka kutoka katika mauti. Kama pangekuwa na siku ya kupiga tarumbeta, ilikuwa ile. Yesu aliwaagiza kwa nguvu mtu asilijue jambo hilo, kisha akasema mtoto apewe chakula. Hayo tu. Hakumpeleka sokoni aonekane. Aliona kwamba aliyerudi kutoka kufa ana njaa, jambo ambalo wazazi katika furaha yao wangeweza kulisahau.

Mtu ataniuliza, "Na Sauli je? Yeye alianza kuhubiri mara moja Dameski." Ni kweli, imeandikwa. Someni basi na yaliyofuata. Dameski walifanya shauri la kumwua, akateremshwa ukutani usiku ndani ya kapu. Katika waraka kwa Wagalatia anasema mwenyewe kwamba alikwenda Arabuni, na kwamba ilikuwa baada ya miaka mitatu ndipo alipopanda Yerusalemu kuonana na Kefa, akakaa kwake siku 15. Wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa, na hatuwezi kuwalaumu. Barnaba ndiye aliyemshika mkono akamwingiza kwao. Akaanza tena kushindana na watu kwa maneno, wakatafuta tena kumwua, ndugu wakampeleka Tarso, kwao alikozaliwa. Na Mtakatifu Luka, sijui kama alitabasamu alipoandika, anaeleza papo hapo kwamba kanisa likapata raha katika Uyahudi wote na Galilaya na Samaria.

Je, walimtupa? La. Barnaba alifunga safari kumtafuta huko Tarso, akamleta Antiokia, wakakaa pamoja na kanisa mwaka mzima wakifundisha. Tena tazameni kazi iliyofuata. Njaa ilikuwa imetabiriwa, na Wakristo wa Antiokia walikusanya msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Waliupeleka kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hakupewa Sauli peke yake, wala hakunyimwa kwa sababu ya mambo ya zamani. Safari zile kubwa za baharini zilikuja baadaye.

Hapa lazima niseme neno kwa upande wa pili, maana wako wazee ambao wamekwisha kutikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, Padre, wakae nyuma miaka kumi kwanza." Hapana. Muulizeni fundi yule yule. Ringi mpya zinapotiwa katika silinda iliyochongwa, hazijafanana nayo bado. Kinachozifananisha ni kazi: mzigo wa kiasi, moto wa kiasi, unaozisukuma ringi zigusane na ukuta mpaka zikae. Injini inayoachwa ikinguruma tu pale pale, bila kwenda popote, ukuta wa silinda huwa kama kioo, ringi hazishiki, na tangu hapo inakula oili na kutoa moshi. Imeharibika kwa kutunzwa. Vile vile kuipandisha mlima kwa gia kubwa huku ikilalamika ni kuiumiza. Fundi huipeleka barabarani, kwenye tambarare, huongeza mafuta kidogo, hupunguza, huongeza tena, na kuibadilishia mwendo. Maili za mwanzo zote huenda hivyo, mamia yake, naye amepanda juu yake mwenyewe na sikio lake liko kwenye injini.

Basi aliyerudi apewe kazi, nayo iwe kazi ya kweli, siyo ya kumdanganya. Afagie kanisa pamoja na wengine Jumamosi. Aende na mzee mmoja kumtembelea mgonjwa, na mzee ndiye asome. Abebe matofali. Akichoka, apumzike asiulizwe sana. Moshi wa siku za kwanza usitushtue: oili iliyopakwa wakati wa kufunga lazima iungue. Mtu aliyeacha pombe juzi hukasirika upesi na usiku halali vizuri. Hiyo bado si dalili kwamba amerudi nyuma. Lakini mlio wa kugonga ni jambo jingine, na anayeukaa karibu ndiye atakayeusikia. Mafundi huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, wasikilize beringi. Hawasikilizi wakiwa ng'ambo ya barabara, wala hawapati habari za injini kutoka kwa wapita njia kisimani.

Na oili ni nini? Kwa maoni yangu ni mambo ya kila siku yasiyoonekana na watazamaji: sala ya asubuhi nyumbani, Neno, chakula cha jioni pamoja na watu wasiokunywa, Ushirika Mtakatifu bila kukosa. Anayemtunza mgeni huyu asiulize kwanza, "Ushuhuda ulikuwaje?" Aulize kama vinamfikia, na kama vinarudi, yaani, je, anasali, na je, ameanza yeye naye kumwombea mwingine.

Halmashauri ya mtaa imekubali kwamba kila mmoja atakayerudishwa Mezani majira haya awe na mtu mzima wa kwenda naye mwaka mzima, kama Barnaba alivyofanya Antiokia. Anayeweza kazi hii amwone Katekista baada ya ibada. Haihitaji mtu mwenye maneno mengi. Mume na mke wakijitoa pamoja itafaa zaidi, kwa sababu baadhi ya wanaorudi wana wake zao nyumbani, nao wamechoka.