Asili ya Gari Kuukuu

Kijana msomaji, tuseme kwamba unakaa Kuruwitu, karibu na Vipingo, na kwamba marehemu baba yako amekuachia gari aina ya Peugeot 404. Limekaa chini ya mkwaju miaka mingi. Kuku hutaga katika kiti chake cha nyuma, na upepo wa bahari umeitoboa milango yake kwa kutu. Watu watatu wanakuja kukushauri. Wa kwanza akwambia uliuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wa pili asema litengenezwe kama lilivyotoka kiwandani, lifunikwe turubai, litolewe siku za maonyesho tu. Wa tatu ni mama yako. Yeye hasemi mengi. Ataka chombo cha kumpeleka hospitali ya Kilifi kila mwezi na kumrudisha kabla ya jua kuchwa. Ni yupi kati yao anayeliheshimu gari la marehemu?

Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna jingine lililowasumbua wenye hekima tangu zamani: asili ya kitu ni nini? Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakasema ni merikebu ile ile, wale wakasema siyo. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akalitia swali hilo uchungu zaidi. Je, mtu akiziokota mbao kuukuu zote na kuziunga tena kwa taratibu yake ya kwanza, merikebu ya kweli itakuwa ipi?

Shuka ufuoni ukamwulize mvuvi. Mashua yake imebadilishwa mbao na kutiwa kalafati mara nyingi, wala hajakosa usingizi kwa ajili ya Theseus. Usidhani kuwa hana falsafa, amekwisha jibu. Kwake mashua ni ile iendayo baharini na kurudi.

Kwa gari lako jibu la mvuvi lina ushahidi katika historia. Peugeot 404 ilitolewa Ufaransa mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, nalo ni zuri. Lakini sifa yake katika Afrika Mashariki haikutokana na umbo. Ilitokana na kufika. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na vile vile 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza safari. Mengine yote yalishindwa njiani. Basi ikiwa asili ya gari hili ni kufika, yule anayelifungia bandani na kuling'arisha amehifadhi ngozi akaiacha roho.

Wavuvi wa Kuruwitu wenyewe wamefanya jambo linalofanana na hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipoona samaki wamepungua na matumbawe yameharibika, walitenga sehemu ya bahari ya kiasi cha hekta 30 isivuliwe. Hawakuitenga iwe pambo. Walitaka samaki wazaliane ndani yake, kisha wavuke mpaka na kuingia nyavuni.

Walakini usiharakishe kufurahi, maana yupo atakayekuuliza: ukiitoa mashine ukatia ya Toyota, je, hilo bado ni gari la baba yako? Mimi naona yako mabadiliko yanayolisaidia gari kutenda kazi yake, na yako yanayoligeuza kuwa gari jingine lililovaa nguo zake. Mikanda ya usalama, rejeta mpya, alteneta badala ya dainamo, breki za diski magurudumu ya mbele, ambazo Peugeot wenyewe walizitia katika 404 za miaka ya mwisho: haya ni ya namna ya kwanza. Aliyetia mashine ngeni naye si mwizi, mradi aseme hivyo siku ya kuuza. Na kila kilichotolewa kiwekwe sandukuni, kipakwe mafuta, ili atakayekuja baada yako aweze kukirudisha akipenda. Hobbes angelipenda sanduku hilo.

Lakini jambo zito liko chini ya rangi. Gari hili halina fremu iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo uti wake wa mgongo. Kutu ikila sakafu na kingo za chini ya milango, gari limevunjika mgongo hata kama lang'aa. Fundi asiye mwaminifu atajaza puti, atapiga msasa, atapaka rangi, nalo litapendeza siku ya harusi. Fundi mwaminifu atakata bati lililooza mpaka afike penye chuma kizima, ndipo alehemu. Naye atakudai zaidi. Nimeona watu wengi wakianza na rangi, labda kwa sababu jirani huona rangi wala haoni mabomba ya breki. Mama yako ataketi juu ya sakafu hiyo. Mtoto atavuka barabara ya Malindi mbele ya breki hizo, naye hakuulizwa kama apenda magari ya kale.

Na ikiwa fedha ya kazi hiyo ni karo ya mdogo wako, liuze kwa kilo kwa moyo mweupe. Mshauri wa kwanza hakuwa mwovu.

Ukilitengeneza, usibadilishe usukani. Umelainika mahali ambapo vidole vya baba yako vilishika, na usukani mpya hautakufikisha Kilifi mapema zaidi. Mama yako atautazama mnapopita mashamba ya mkonge, pengine bila ya kusema neno. Jioni mtarudi, nao upepo wa kusi utakuwa ungali ukivuma na chumvi yake. Chota maji ya kisima, inama, uanze kuliosha chini.