Ukarimu wa Sikukuu na Swali la Nani Abebe Mzigo

Wajibu wa kumpokea mgeni umejadiliwa tangu zamani katika Uislamu na Ukristo, lakini mjadala huo kwa kawaida humlenga mtu atokaye mbali, asiye na jamaa wala pa kulala, na mara chache humgusa mgeni wa Krismasi au wa Idi, ambaye ni ndugu wa damu, huja kwa hiari yake, na anajua hata sufuria kubwa zinawekwa wapi. Huko Kimara, eneo la vilima kandokando ya Barabara ya Morogoro ambalo siku hizi limo katika Wilaya ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni, tofauti hiyo si ndogo. Wasiopanda basi Mbezi Luis mwezi Desemba kurudi mikoani kwao hukusanyika kwa yule mwenye ua mpana zaidi, na mara nyingi ni nyumba hiyo hiyo, mwaka hadi mwaka, inayogharimia mchele, nyama na mtungi wa gesi, kisha ikaamka Januari ikidaiwa.

Wanazuoni wa Kiislamu huiita hali hiyo takalufi, yaani mtu kujitwisha asichokiweza ili aonekane amekirimu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha adabu za kula kilichomo ndani ya Ihya Ulum al-Din, anamtaka mwenyeji atoe alicho nacho bila kukopa, na ananukuu wema waliotangulia walioona kuwa takalufi ndiyo inayokata nyendo kati ya marafiki, kwa kuwa aliyepokelewa kwa gharama kubwa huona haya kurudi. Injili ya Luka, katika sura ya 14, inakwenda mbali zaidi: anayeandaa karamu anaambiwa asiwaalike ndugu na jamaa, wasije nao wakamwalika na hivyo akawa amelipwa, bali awaite maskini na vilema. Kwa kipimo hicho kikali, chakula cha familia si sadaka hata kidogo. Ni shirika, na katika shirika hakuna sababu ya mmoja kubeba peke yake mzigo ambao thawabu yake ni ya kutiliwa shaka.

Ajabu ni kwamba wakazi hao hao wanajua barabara namna ya kulisha umati bila kumchosha mwenye nyumba, kwani hufanya hivyo kila penye msiba. Mfiwa hasogei jikoni: wanawake wa jirani huchambua mchele na kumenya vitunguu, wanaume hufunga turubai na kupanga viti vya kukodi, mwenye mwandiko unaosomeka hushika daftari la rambirambi, na hakuna anayepima heshima ya ukoo kwa ukubwa wa vipande vya nyama. Kwa Waislamu desturi hii ina msingi katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na al-Tirmidhi, isemayo kwamba habari za kuuawa kwa Ja'far bin Abi Talib katika vita vya Mu'ta, mwaka 629, zilipofika Madina, Mtume aliagiza familia yake ipikiwe chakula, kwa kuwa lililowafika limewashughulisha.

Kwa nini, basi, huzuni ipate wasaidizi na furaha iwakose? Jibu linaelekea kuwa fahari. Msiba humwondolea mtu haja ya kujionyesha, ilhali sikukuu ndiyo siku ambayo aliyejenga mjini huthibitisha mbele ya ndugu kwamba mji haukumshinda, na kumwambia shangazi aje na kachumbari, au shemeji aje mapema awashe mkaa, huonekana kuwa ni kukiri upungufu. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ambayo Julius Nyerere aliitumia katika insha yake ya Ujamaa ya mwaka 1962 kuonyesha kuwa jamii ya asili haikuwa na watu wa kula tu, inamruhusu mgeni kupumzika kwanza; ndugu hana hata ruhusa hiyo, maana yeye ni mwenyeji tangu anapovuka geti.

Hata hivyo, hoja ya kugawana kazi ina pengo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, wageni watatu wanapomfikia Ibrahimu, Sara ndiye anayekanda unga na mtumishi ndiye anayemwandaa ndama, lakini sifa ya ukarimu imebaki kwa Ibrahimu kwa vizazi vyote. Martha wa Luka 10 angalau alithubutu kulalamika kwamba ameachiwa kazi peke yake. Dada wa kazi wa Kimara, ambaye kwao Iringa au Singida wanakula sikukuu bila yeye, hana wa kumlalamikia, na ndugu wanapogawana majukumu kwa haki mbele ya pilau, yeye hahesabiwi miongoni mwa wagawanaji, huachiwa masufuria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaagiza kwamba anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kitaifa alipwe mara mbili ya ujira wake wa msingi kwa kila saa, na nyumba inayotaka kujua kama imekirimu au imejionyesha tu inaweza kuanza hesabu yake hapo.