Kopo la Vidonge Elfu Moja

Mkulima wa mpunga wa hapa Mngeta hahitaji kufundishwa maana ya kusimama peke yake mbele ya mnunuzi. Mavuno yakiwa bado uwanjani na ada ya shule ikimsubiri, anakuja mtu na lori na magunia yake, na gunia linalojazwa si gunia tena bali ni lumbesa, lenye kilemba kikubwa juu yake. Bei anaitaja mwenye lori. Mkulima akibisha, lori linasogea nyumba ya pili, maana huko nako kuna mwenye shida. Si kwamba mnunuzi huyo ni mwovu kuliko watu wengine. Ni kwamba yeye anaweza kungoja na mkulima hawezi.

Sasa, ndugu msomaji, mweke mgonjwa mahali pa mkulima huyo. Mkulima akikaza roho anaweza kuufunika mpunga wake turubai akaisubiri bei ya Desemba. Mwenye homa atasubiri nini? Mama aliyembeba mtoto anayehema kwa shida hashindani bei na muuza dawa. Anafungua pindo la khanga na kutoa kilichomo. Ugonjwa haujui kubishana. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiamini tangu ujana wangu kwamba dawa ni kitu ambacho mtu hapaswi kuachwa akinunue peke yake. Wazima ndio wenye nafasi ya kukaa, kuhesabu na kubisha bei; basi na wabishe kwa niaba ya wagonjwa, tena wabishe wakiwa wengi.

Wazo hili si geni katika nchi yetu. Baada ya Uhuru tulikuwa na Bohari Kuu ya Madawa, na katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, zahanati zilianza kupokea masanduku ya dawa muhimu yaliyofungwa tayari. Wengi wetu tunayakumbuka masanduku yale. Yalikuwa baraka kubwa, ila ndani yake vitu vilikuwa vilevile, liende bonde la Kilombero lenye mbu au liende Makete kwenye baridi, hivyo huku dawa fulani ikaisha katika wiki ya pili na nyingine ikazeeka rafuni. Kisha Bunge likapitisha Sheria Namba 13 ya mwaka 1993, ikaundwa Bohari ya Dawa ambayo watu wengi huiita MSD, nayo ikaanza kazi mwaka 1994. Shabaha yake haikuwa ngumu kueleza: nchi nzima inunue kama mtu mmoja, ili bei ishuke. Baadaye vituo vikaachana na masanduku, vikaanza kuagiza kulingana na haja zao.

Kwamba wingi hushusha bei, ushahidi wake ni mkubwa. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilimgharimu mgonjwa mmoja zaidi ya dola elfu kumi za Kimarekani kwa mwaka. Mwaka uliofuata kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuziuza kwa dola 350, na kadiri wanunuzi walivyojikusanya ndivyo bei ilivyozidi kuteremka. Hata huko Marekani kwenyewe, ambako tunadhani kila mtu ana uwezo wake, majimbo kama Michigan na Vermont yaliona mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba kila moja likisimama peke yake mbele ya kampuni za dawa linapigwa lumbesa, yakaunganisha nguvu katika kudai bei nafuu kwa ajili ya maskini wao. Nasi kwa upande wetu tumekwenda mbele: mwaka 2018 MSD ilikabidhiwa jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za SADC.

Ningeweza kuishia hapo, nikasifu umoja, na makala ingekuwa fupi na ya kupendeza. Lakini kuna jambo ninalopaswa kulieleza, nalo linanihusu mimi mwenyewe.

Mwaka 2013 nilikuwa mjumbe wa kamati ya kituo kimoja cha tiba cha huku bondeni, ambacho sitakitaja jina. Kazi mojawapo ya kamati ilikuwa kuipitia oda ya dawa ya kila robo mwaka. Mganga mfawidhi aliandaa orodha, sisi tuliikubali au tuliipunguza kwa kadiri ya fedha zilizokuwapo. Siku hiyo fedha hazikutosha. Tulianza kukata mistari. Tukafika kwenye mstari wa fenobabitoni, dawa ya kifafa, kopo moja la vidonge elfu moja. Mganga akasema wanaoitumia katika kituo chetu ni wawili tu. Mimi nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejiona mwerevu: je, ni halali kununua vidonge elfu moja kwa ajili ya watu wawili, wakati watoto wanaokohoa ni mamia? Wengi wape, nikasema. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Mstari ukakatwa. Mmoja akaongeza kwamba wawili hao wataweza kujinunulia wenyewe, na hakuna aliyepinga, nikiwemo mimi.

Msomaji wa mbali huenda asijue kwamba kifafa si mgeni katika sehemu zetu hizi. Ng'ambo ya mto Kilombero, huko Mahenge, ugonjwa huu umeenea kuliko sehemu nyingi za dunia, na Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki yake huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kuwakuta wagonjwa wakitengwa na jamaa zao, wengi wakiwa na makovu ya moto. Dawa aliyoitegemea ni hiyo hiyo fenobabitoni, dawa ya zamani iliyoanza kutumika mwaka 1912 na ambayo hadi leo ni miongoni mwa dawa za kifafa zenye bei ndogo kuliko zote. Ina sharti moja tu gumu: aliyeizoea hapaswi kuiacha ghafla. Akiiacha, kifafa hurudi, na mara nyingi hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Kauli ile ya kwamba watajinunulia ilikuwa ya watu wasioijua dawa hiyo. Maduka ya dawa ya vijijini hayakuwa nayo, maana ni dawa inayodhibitiwa. Kuipata kulitaka safari ya Ifakara, na kwa mtu wa kuuza mafungu ya nyanya, nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ya chakula cha siku kadhaa, achilia mbali masika barabara inapogeuka matope. Mmoja wa wale wawili alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la tano. Mama yake alizigawa dawa zilizobaki, badala ya viwili akampa kimoja, kisha kimoja kwa siku mbili, mwisho hakukuwa na cha kugawa. Jioni moja kijana akaangukia jikoni. Tunamshukuru Mungu walikuwapo watu wa kumtoa, ila mkono wa kulia uliungua, na vidole vitatu havikunjuki hadi leo.

Mama huyo alinifuata nyumbani. Nilitegemea anilaumu, nikawa nimeshajiandalia maneno. Hakulaumu. Alikaa kwenye mkeka, akasalimu vizuri, akaulizia hali ya wajukuu, kisha akasema:

“Mwalimu, nimesikia mlikaa kikao cha dawa.”

“Tulikaa, mama.”

“Kopo lile lilikuwa shilingi ngapi?”

Nilimtajia. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayehakikisha hesabu sokoni, halafu akauliza, bila kejeli yoyote: “Na posho ya kikao ni shilingi ngapi?”

Sikujibu, na yeye hakurudia swali. Nilipopiga hesabu usiku ule niliona kwamba bei ya kopo zima haikufikia posho ya wajumbe watatu, nasi tulikuwa wanane, bila kutaja soda.

Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo hili kwa namna nyingi, na sitaki kujificha nyuma ya posho, ingawa aibu yake ninaibeba. Tuseme hapakuwa na posho wala soda. Tuseme fedha ilikuwa kidogo kwelikweli. Je, hoja yangu ya wengi wape ilikuwa sahihi?

Kwa muda mrefu nilidhani ilikuwa sahihi ila ni ya kusikitisha. Sasa nadhani haikuwa sahihi kabisa, na kosa lake liko katika hesabu yenyewe. Fedha za dawa za kituo hutengwa, pamoja na mambo mengine, kwa kuangalia idadi ya watu kinaowahudumia. Kijana yule na mwenzake walikuwamo katika idadi hiyo. Vichwa vyao vilipeleka fedha kituoni kama vichwa vya watoto wanaokohoa. Tena walikuwamo katika wingi ule mkubwa unaoifanya nchi ibishe bei kama mtu mmoja, hivyo kila kidonge cha mtoto anayekohoa kilichoshuka bei kilishuka kwa sehemu kwa sababu yao pia. Basi tuliwahesabu tulipokuwa tunakwenda kununua, tukaacha kuwahesabu tulipofika kugawana. Mtu wa namna hiyo hatumwiti mnufaika wa umoja. Tunamwita mtaji wake.

Kuna jambo la pili, ambalo lilinichukua miaka kuliona. Nilisema wagonjwa ni wawili. Wawili wa wapi? Wa kituo chetu. Lakini wawili wa kwetu, ukiongeza wawili wa kituo cha jirani, na wengi wa Mahenge, na wa Kigoma, na wa Tanga, ni umati wa watu. Mbele ya nchi nzima hakuna mgonjwa aliye mchache kiasi hicho, na kwa sababu hiyo hasa dawa yake inaweza kununuliwa kwa bei ndogo. Serikali ilikuwa imekwisha wakusanya wachache wa kila kijiji ikawafanya kuwa wengi. Sisi watu wanane, tukiwa na kalamu na soda, tuliuvunjavunja wingi ule tukaurudisha ukubwa wa kijiji, kisha tukamwambia kijana kwamba yuko peke yake.

Najua hoja ya upande wa pili, maana niliisikia kwa muuguzi mmoja mwenye busara. Aliniambia: “Mwalimu, wewe umemwona mmoja aliyeungua. Mimi nimewaona watoto wanaofia mikononi mwangu kwa nimonia, na hao hawaji nyumbani kwako kukuuliza maswali.” Ni kweli, na sina jibu la kumshinda. Anayeonekana hutuumiza kuliko asiyeonekana, na moyo wa namna hiyo si mizani nzuri ya kugawia dawa. Kama siku ile tungekuwa tumepima kweli, kopo hili kwa chupa kadhaa za dawa ya nimonia, na tukachagua watoto, pengine ningelala usingizi. Lakini hatukupima. Tulihesabu vichwa tukaona viwili ni kidogo. Hatukuuliza mwenye kukohoa akikosa atapata wapi, na mwenye kifafa akikosa atapata wapi. Tungeuliza, tungegundua kwamba dawa ya kikohozi ilikuwapo katika duka la pili tu kutoka kituoni, tena kwa bei ambayo wazazi wengi wangeimudu, na ile ya kifafa haikuwapo mpaka Ifakara.

Mambo yamebadilika kiasi tangu wakati huo. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianzisha mfumo wa mshitiri, uliopewa jina la Jazia, ambao vituo vinakusanya mahitaji yaliyokosekana MSD na kuyanunua kwa pamoja kwa mzabuni mmoja wa mkoa aliyechaguliwa. Mwaka 2016 ukaingia kwetu Morogoro pamoja na Shinyanga, na mwaka 2018 ukaenea nchini. Ni mpango mzuri kwa kopo lisilopatikana bohari. Kwa kopo lililokatwa kwenye orodha na kamati yenyewe hauna msaada, kwa kuwa kisichoagizwa hakihesabiwi kuwa kimekosekana.

Robo mwaka iliyofuata kopo liliagizwa. Niliomba mimi, na mganga akakubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nadhani naye alikuwa na usiku wake. Kwa vidonge viwili kwa siku, mtu mmoja angelitumia siku mia tano, wawili siku mia mbili na hamsini, na nilipenda kulitazama pale rafuni kila nilipopita kituoni, likipungua taratibu. Kijana huja mwenyewe kuchukua fungu lake la mwezi. Nilikuwa nimemfundisha kuandika kwa mkono wa kulia, na alikuwa na mwandiko mzuri. Sasa kwenye daftari la dawa anasaini kwa mkono wa kushoto, polepole, na watu walio nyuma yake kwenye foleni wanasubiri.