Je, Kijana Mnene ni Mvivu?

Zamani mwenye kitambi alihesabiwa kuwa mtu wa neema, na aliyekonda aliulizwa kama anaumwa. Siku hizi mizani imegeuka. Kijana wa miaka 25 akinenepa, jamaa na majirani humwambia waziwazi kwamba ni mvivu na mlafi, tena hudhani wamempa shauri jema. Twauliza kama hukumu hiyo ni ya haki. Maana kumwita mtu mvivu si kumpima kiuno. Ni kumpima tabia, na tabia haipimwi kwa utepe wa fundi cherehani.

Alikuwako tabibu wa Uingereza, Jeremy Morris, aliyechunguza pamoja na wenzake wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Mwaka 1953 walitangaza kwamba ugonjwa wa moyo uliwapata madereva kuliko makondakta. Mwaka 1956 wakaleta habari za vipimo vya sare: suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Hapo mwepesi wa kuhukumu atasema, "Si tuliwaambia? Kukaa ndiko kunakonenepesha." Asifanye haraka. Tofauti ile ilionekana hata kwa vijana, ambao hawakuwa wamekizoea sana kiti cha udereva. Basi huenda baadhi yao waliuchagua usukani hali wakiwa wazito tayari. Na liko jambo kubwa kuliko hilo: ukilinganisha wembamba kwa wembamba, na wanene kwa wanene, kondakta ndiye aliyekuwa salama zaidi. Faida ya kupanda ngazi haikungoja tumbo lipungue.

Hapa Tanzania nako, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wametufundisha jambo. Ni watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, nao hutembea mwendo mrefu kila siku. Walakini Herman Pontzer na wenzake walipopima, wakatangaza mwaka 2012, waliona kwamba nguvu inayotumiwa na miili yao kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya. Ndiyo kusema, anayetumaini kuyeyusha mafuta kwa mazoezi peke yake, bila kutazama sahani yake, atachoka bure. Tena uchunguzi mwingine wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Ila hawapumziki juu ya viti vya kuegemea: mara nyingi huchutama au hupiga magoti, na misuli ya miguu haiachi kazi kabisa.

Sasa tutazame nyumbani. Mtoto twamwambia "kaa, utulie" tangu darasa la kwanza. Akitembeatembea twamwita mtundu. Akimaliza masomo twafurahi kwamba amepata kazi ya kukaa, si ya jembe. Akiisha kunenepa, twamlaumu yeye. Hatudhani kuwa lawama hiyo ni yake peke yake. Mwenye kampuni amwekaye karani kitini muda wa saa nane pasipo nafasi ya kunyosha miguu anayo sehemu yake, na hatujapata kusikia mtu akimwita yeye mvivu.

Hatusemi kwamba unene si kitu. Kisukari na shinikizo la damu havina mzaha, na kijana anayo hiari juu ya chakula chake na jioni yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na kupunguza muda wa kukaa. Lakini shauri hilo halikuandikwa kwa wanene tu. Yule mwembamba akaaye kutwa mbele ya kompyuta, kisha akamcheka mwenzake, linamhusu vilevile, na huenda linamhusu zaidi, kwa kuwa hakuna amwonyaye.

Kwa hiyo mzazi amwonaye mwanawe akinenepa asimwaibishe mezani mbele ya wageni. Chakula cha jioni kikiisha, na waondoke wote wawili, mnene na mwembamba, wakatembee hadi njia panda na kurudi.