Mumiani: Uvumi na Kweli Yake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: kila wakati una zimwi lake. Wazee wa Handeni na Korogwe waliogopa mizimu ya misituni na mapangoni. Kisha mkonge ukaletwa nchini mwaka 1893, na reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Watu wa makabila mengi wakakusanyika mashambani kutafuta fedha ya kodi. Hapo hofu ikatoka msituni, ikapanda motokaa.

Mumiani asili yake ni dawa nyeusi ya kuunga mifupa, iliyouzwa pwani. Katika Tanganyika ya wakoloni ikawa jina la mtu anyonyaye damu za watu ili zifanywe dawa. Wakashukiwa wazima moto na wenye kazi za hospitali.

Je, waliogopa bure? Damu haikunyonywa, lakini nguvu za mwili ziliuzwa kwa ujira mdogo, na mnunuzi wake hakujulikana ukoo wala kwao. Basi uvumi ulisema uongo juu ya mtu, ukasema kweli juu ya hali.

Lakini kweli hiyo haihalalishi dhuluma. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu waliuawa na makundi kwa kushukiwa kunyonya damu: aliyeogopa kumwagwa damu yake akamwaga ya mwenziwe. Ndiyo sababu Sura ya Al-Hujurat yaamuru habari ichunguzwe kwanza.

Hofu ya wanyonge na isikilizwe kama mashtaka, isifuatwe kama hukumu. Wallahu aalam.