Sahihi ya Mwenye Njaa

Kwa mtu wa Butere, mji uliozungukwa na miwa, ambao wengi wa watu wake walitazamia riziki kutoka kiwanda cha sukari cha Mumias hadi kilipotiwa chini ya mrasimu mwezi wa Septemba 2019, swali hili si la wanazuoni peke yao: je, aliyeachishwa kazi, akawekewa mezani hati isemayo kwamba amepokea stahili zake zote wala hana dai jingine lolote, akaitia sahihi hali ajua kuwa amepunjwa, amekosa au amekosewa?

Sheria ina jawabu lake. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 chamwamuru tajiri anayepunguza watu kumlipa kila mmoja kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza, hata aliyetumika miaka 20 astahili siku 300, mbali na notisi na likizo asizokwenda. Na Mahakama ya Rufani imekwisha kunena kwamba hati iliyotiwa sahihi kwa hiari, pasipo hadaa wala ikrahi, yaweza kumfunga mwenyewe. Lakini ni hiari gani aliyo nayo mtu ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa karo, na mwenye duka amefunga daftari la mikopo?

Wahubiri wetu humlaumu Esau, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Mimi, kwa idhini yao, naona lawama hiyo imeelemea upande mmoja. Kwani ndugu aliyekuwa na chungu motoni, akamwona mwenziwe hoi, akadai kiapo ndipo apakue, naye ana la kujibu, na Torati yenyewe, katika Kumbukumbu mlango wa 15, yamkataza bwana kumwachilia mtumwa mikono mitupu.

Hata hivyo, njaa haihalalishi uongo. Mwenye haki aweza kumwondolea mwenziwe dhima, na Waislamu wa Mumias, kama Wakristo wa Butere, huhesabu jambo hilo kuwa jema; ila kushuhudia kwamba deni limelipwa lote, na halikulipwa, ni ushahidi wa uongo, ingawa aliyeutunga ni tajiri na anayeutia mkono ni mnyonge. Basi na aombe maneno “stahili zote” yafutwe, kiandikwe kiasi alichopokea, na hati aichukue kwanza akaisome na mtu wa chama cha wafanyakazi. Akiambiwa ni sahihi sasa hivi au hapati hata senti, sitamhukumu akitia. Bali aende upesi kwa afisa wa kazi Kakamega, na kesi aifungue mahakamani kabla miaka 3 ya sheria haijapita, akijua kwamba jaji aweza kumsadiki, na aweza asimsadiki.