Wale Wengine Mtumbwini

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliofika kwanza hawakuwa na sare wala mitungi ya hewa. Walikuwa wavuvi, na walichokuwa nacho ni mitumbwi, makasia na mikono yao.

Watu 24 walitoka hai. Wenzetu 19 hawakurudi.

Kesho yake, mbele ya majeneza katika Uwanja wa Kaitaba, nchi ililijua jina la kijana mvuvi, Majaliwa Jackson. Alikuwa amepiga mbizi kumfikia rubani. Kamba ilikatika, ikampiga usoni, akazinduka yuko hospitali. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi siku ile na bado nafurahi. Kijana aliyekwenda majini kwa sababu kulikuwa na watu wanakufa, basi, akaitwa mbele za watu akashukuriwa angali hai! Mara ngapi tumeliona jambo hilo?

Lakini turudi mtumbwini. Majaliwa mwenyewe alisimulia kwamba alikimbilia ndege ile pamoja na wavuvi wenzake watatu. Watatu. Wewe unayesoma hapa, unaweza kumtaja hata mmoja? Na ule umati uliosimama ufukweni ukivuta kamba kuisogeza ndege nchi kavu, watu wamelowa, ni nani aliyewaandika majina?

Ziwa hili limetutoa machozi mara nyingi. Tarehe 21 Mei 1996 lilimeza MV Bukoba na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gatini, na hapo pia wenye mitumbwi waliacha shughuli zao wakaenda kuopoa watu. Wavuvi hawa hawakuanza ushujaa siku kamera zilipofika. Wamekuwa wakivutana kutoka kwenye mawimbi tangu wakiwa watoto. Tulichelewa sisi kuwaona.

Ndiyo maana nakuomba, ndugu yangu, usisubiri ndege ianguke. Tazama mtaa wako leo hii. Yupo mzee anayesimama barabarani kila asubuhi na kijiti mkononi, akisimamisha magari ili watoto wa shule wavuke. Yupo mama muuza uji anayejua ni mtoto gani hajala tangu jana, na humpa kikombe bila kumuaibisha. Yupo dereva wa bodaboda ambaye mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, simu yake ndiyo hupigwa, naye hupokea. Unawajua. Umewapita mara elfu ukasema "habari za asubuhi" ukaendelea na safari.

Heshima ninayoisema haigharimu sherehe. Naogopa hata hizi hafla za vyeti na picha, kwa sababu mara nyingi anayepigwa picha ni mgeni rasmi. Mheshimu mtu kwa kile kitakachomsaidia arudi salama kesho. Mvuvi mpe jaketi okozi na kamba isiyokatika. Mzee wa barabarani mnunulieni kizibao kinachong'aa na filimbi. Mwenye bodaboda mjazieni mafuta, kwa maana usiku ule hakuuliza nauli. Wanaume kumi wa kijiwe kimoja wakitoa shilingi elfu mbili kila mmoja, tayari ni elfu ishirini. Kina mama wa kikoba kimoja wakiamua, jambo linaisha siku hiyohiyo.

Na mtajeni. Hili halihitaji hata senti moja. Mtoto akisikia jina la jirani yake likitajwa kwa heshima mbele ya watu wazima, anajifunza kwamba hapa kwetu ukimsaidia mtu, watu wanaona. Kesho atanyoosha mkono bila kuitwa.

Mkutano wa kijiji au wa mtaa utaitishwa tena. Utakaa kwenye benchi, mtasomewa mapato na matumizi, mtabishana kuhusu taka na maji. Usiondoke mapema. Ngoja mwenyekiti afike kwenye "mengineyo", kisha simama. Mwambie una jina moja la kutaja. Litaje lote, la kwake na la baba yake, useme alichofanya, na siku aliyokifanya. Kisha mwombe mwenyekiti amwambie mtendaji aliandike kwenye muhtasari.